Nimekariri maneno 700 ya Kingereza lakini mteja akifungua mdomo natoa macho

Muuza Kava:

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada na msinicheke sana (najua mtacheka tu). Fom foo nilimaliza kwa kusogeza siku, sasa hivi nauza vifaa vya simu Kariakoo, kava, chaja, protekta, spika ndogondogo. Wanunuzi wa jumla wengi wanatoka nje, Wacongo tunaelewana kwa Kiswahili chao na changu, Wakomoro tunabahatisha hivyohivyo, shida inakuja kwa Wazambia na Wamalawi, wale ni Kingereza mwanzo mwisho. Na bosi kaniambia kabisa nikiweza kuwahudumia hao ananitoa kibanda cha nje ananiweka dukani ndani.

Basi nikanunua kaunta buku nikaanza kunakili dikshenari, neno huku maana huku, maneno kumi kila siku kabla sijalala, siku nyingine usingizi unanishinda naruka. Nimefika herufi C, yani nina kama 700 hivi, niulize "abandon", "abase", "abate", "abet" nakujibu (mbili za mwisho huwa nazichanganya lakini nakujibu).

Sasa juzi kaja mama mmoja Mzambia, kachagua chaja, akapiga hesabu kwenye simu yake, akaniambia "If I take fifty, will you throw in the cables?" Mimi "throw" naijua tangu shule ya msingi, ni kutupa. Nikamjibu tena kwa hasira kidogo, no madam, cables is new, I cannot throw. Akanitazama, akacheka, akaenda zake duka la jirani. Jioni jirani ndo ananiambia mama alikuwa anaomba aongezewe nyaya bure juu ya zile chaja 50, na nyaya zenyewe ni bei ya karanga. Biashara imeenda hivyohivyo naiona.

Sasa naulizeni, maneno yanakaaje kichwani mpaka yakatoka mdomoni yenyewe? Niendelee na daftari au nichome?

chapati ya jana:

Throw iko herufi T mkuu, kwa mwendo huo utaifikia ukiwa na wajukuu, mwambie mama asubiri 😂😂

Mpagazi Mstaafu:

Mdogo wangu pole, mi nitakusimulia yangu maana nilianzia pabaya kuliko wewe, wewe una fom foo mi niliishia la saba.

Nilianza kupandisha mizigo Kilimanjaro njia ya Marangu, kilo 20 kichwani, kipindi hicho Kingereza changu ni "jambo" na "pole pole" ambavyo hata siyo Kingereza. Baadae nikapandishwa kuwa weita, yani yule anayepeleka chai na chakula kwa wageni pale dainingi. Hapo ndo shule ilipoanza. Kila jioni gaidi (yani guide, muongoza wageni) anakaa na wageni anawauliza maswali yaleyale, kambi ya Mandara atauliza, kesho kambi ya Horombo atauliza, keshokutwa kambi ya Kibo atauliza: any headache? how is your appetite? did you sleep? do you feel dizzy? Mimi nimesimama na birika nasikia tu.

Sasa hilo neno "appetite", mara ya kwanza nilidhani ni jina la chakula. Kwa sababu gaidi analisema wakati sahani zinaingia, nikajua labda ndo wanavyoita zile supu. Safari ya pili mgeni mmoja akasema "I've lost my appetite" na sahani yake mbele haijaguswa, supu ipo palepale, nikasema ala, kumbe siyo supu, kitu kilichopotea ni kingine. Safari ya tatu mwingine kamaliza sahani kaomba nyingine, gaidi anacheka anasema "good appetite, very good", basi nikawa nimemaliza, hamu ya kula. Hakuna aliyenifundisha, sahani ndo zilinifundisha. Na mpaka leo hilo neno halitoki hata ukinipiga nyundo.

"Dizzy" nayo nilijifunza kwa macho, Kibo pale ni mita 4,720, mtu anatoka chooni anashika ukuta, gaidi anamuuliza "dizzy?" anaitikia kwa kichwa. Utahitaji dikshenari ya nini hapo.

Lakini ndugu yangu kusikia peke yake hakutoshi. Neno linakuwa lako siku umelitoa wewe mdomoni mbele ya mtu na likafanya kazi. Siku niliyomuuliza mgeni mwenyewe "are you dizzy?" mapigo ya moyo yalikuwa juu kama napanda Gilman's kule karibu na kilele, akanijibu maneno meeengi nikaokota mawili tu, "a bit". Nikaenda kumwambia gaidi anasikia kizunguzungu kidogo, gaidi akanitazama kwa jicho jipya. Baadae nikawa gaidi msaidizi.

Kwahiyo mi nasema choma daftari. Wewe una mlima wako hapohapo dukani, wateja wanasema maneno yaleyale kila siku.

Mwl wa Zamu:

Mpagazi Mstaafu heshima yako, simulizi nzuri sana ila hapo kwenye kuchoma nakupinga. Nafundisha Kingereza sekondari, na kila mwaka fom wani wanakuja kwangu wametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba alafu ghafla baiolojia, jiografia, hesabu, vyote Kingereza, kwahiyo jambo hili la maneno ndo ugali wangu.

Kubahatisha maana kwa maneno ya jirani kunafanya kazi pale tu ambapo hao majirani unawajua. Ukiwa na sentensi ya maneno kumi na hujui sita utabahatisha nini, unapiga ramli. Watafiti wa mambo haya kama Paul Nation wanasema ili usome kitu mwenyewe bila kusaidiwa inabidi uwe unajua kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo, yani kwenye kila maneno 50 usilolijua liwe moja tu. Mpagazi alifanikiwa kwa sababu mlimani alikuwa na sahani, mgeni anayeyumba, uso wa gaidi, hivyo vilikuwa badala ya maneno. Kwenye karatasi hamna sahani.

Kwahiyo msingi lazima uwekwe, na msingi unaweza kuukariri, siyo dhambi. Shida ya kijana wetu ni kufuata alfabeti! Alfabeti imepangwa kwa ajili ya kutafuta neno, haikupangwa kwa ajili ya kujifunza. "Abate" na "abet" atakutana nayo lini Kariakoo? Na maneno yanayofanana sura ukiyaweka pamoja yanagombana kichwani, ndo maana anazichanganya na atazichanganya mpaka mwisho. Kuna bwana anaitwa Michael West alitoa orodha mwaka 1953, maneno kama 2,000 tu yanayotumika sana kwenye Kingereza, na hiyo orodha ina mtoto na mjukuu siku hizi mtandaoni bure. "Throw" imo. "Take", "get", "put", "run", zote zimo. Hizo fupifupi ndo zinabeba lugha na ndo zinazosumbua, maana "throw" peke yake ni kutupa, "throw in" kwenye biashara ni kuongezea bure, "throw up" ni kutapika. Hata sisi tunalo, "piga": piga simu, piga pasi, piga picha, piga chafya, mgeni akikariri piga ni kumchapa mtu ataogopa hata kwenda studio kupiga picha. Kwahiyo neno usilichukue peke yake, lichukue na anayetembea naye. Usiandike "throw", andika sentensi nzima ya yule mama. Ndiyo ilikuuma, haitatoka.

Kitu kingine, mizizi. Mtoto wa Kiswahili yeyote akisikia soma, msomi, somo, usomaji, someshwa, hahitaji kufundishwa mara tano. Kingereza nacho kinafanya hivyo ila kinaweka mikia mwishoni na vichwa mwanzoni. Ukijua "use", basi "user", "useful", "useless", "reuse", "misuse" umezipata kwa bei ya moja. Kwenye maboksi yako ya chaja humohumo yapo, soma maandishi ya nyuma ya boksi, "rechargeable" imekaa pale na "charge" katikati inakutazama.

Na namna ya kubahatisha ipo pia. Mfano nimeandika ubaoni wiki hii: "The bridge was under water, so the bus made a detour and we arrived three hours late." Hawajui "detour". Nawauliza, daraja limefanyaje? limezama. Basi lilipita? halikupita pale. Walifika? walifika. Wamechelewa? sana. Sasa basi lilifanya nini? Darasa zima, "lilizunguka!" Hicho ndo tunachotaka, angalia "so", "but", "because" ndo wanaokuonesha njia, "but" ikitokea jua linalofuata linapinga la mwanzo.

Muuza Kava:

Mwalimu shikamoo, hiyo ya piga imeniingia mpaka kwenye mfupa. Ila hilo la kusema mbele za watu ndo gumu kwangu, pale tuko vijana wengi, ukikosea neno moja unapewa jina la utani mwaka mzima, mi toka juzi naitwa "Cannot Throw".

chapati ya jana:

Cannot Throw nimecheka mpaka abiria mwenzangu kwenye daladala kaniuliza kuna nini 😂 ila ndugu si umeona, hilo neno "throw in" sasa hata mimi sitalisahau, na mimi ndo nimejifunza leo kupitia aibu yako, asante sana

Bi Hesabu:

Niongeze na mimi yangu maana naona wanaume mnabahatisha tu mnasifiana. Kubahatisha kutakuponza ukibahatisha neno unalodhani unalijua. Neno jipya halina hatari sana, utauliza au utaangalia. Hatari ni la zamani.

Mimi shuleni ripoti yangu ya fom tuu mwalimu aliandika "outstanding" na baba akachinja kuku. Kwahiyo kichwani mwangu hilo neno ni kuku, ni sifa, basi. Nimeingia kazini, ndo mwezi wangu wa kwanza tu, ofisi ya uhasibu, ikaja barua ya msambazaji mmoja imeandikwa akaunti yenu ni outstanding tangu mwezi wa tatu. Nikaenda kwa bosi natabasamu, nikamwambia bosi tumesifiwa. Alisoma ile barua, akaniangalia, akaisoma tena. Kumbe ni deni ambalo halijalipwa! Sijui nilitokaje kwenye kile chumba.

Sasa ona, ningetulia nikasoma sentensi iliyofuata, walikuwa wanaomba malipo ndani ya siku 14. Mtu anayekusifia anakuomba hela ndani ya siku 14? Alama ilikuwepo, mimi ndo sikuiangalia kwa sababu nilijiona najua. Kwahiyo kanuni yangu sasa, bahatisha, alafu soma mbele kidogo uone kama ulichobahatisha kinakaa, alafu ndo ufungue dikshenari kuhakikisha. Kwa mpangilio huo. Ukifungua dikshenari kwanza kichwa kinalala, na usipoifungua kabisa utapeleka barua ya deni kwa bosi unacheka.

Jingine la wabongo, maneno tuliyoyachukua kwa Wazungu tukayapa kazi zetu, tukiyarudisha kwao yanakuwa kituko. Sisi presha ni ugonjwa, ukimwambia Mwingereza "I have pressure" atadhani kazi zimekubana atakwambia pumzika, wakati unaumwa, inabidi useme "high blood pressure". Trafiki kwetu ni askari mwenye nguo nyeupe, kwao "traffic" ni magari yenyewe barabarani. Sheli kwetu kituo chochote cha mafuta. Rafu kwetu ni mchezaji kachezewa vibaya, kwao ni "foul". Haya wala huyakuti ukikariri, unayakuta siku ya siku.

Wa Eastlands:

Sasa wasee wa Bongo, nimepita tu nikaona hii stori ikanibamba. Huku kwetu Kenya mambo ni tofauti kidogo lakini shida ni ileile. Sisi tulisoma kwa Kingereza tangu tukiwa wadogo, na enzi za KCPE (mtihani wa darasa la nane) kulikuwa na kazi ya kukariri misemo ya kutia kwa composition, mwalimu anakupea karatasi nzima ya maneno makubwa makubwa uyamwage yote, ati ndio upate marks. Mimi niliandika "crestfallen" kila composition, mbuzi akipotea niko crestfallen, matatu ikichelewa niko crestfallen, hata kwa harusi ya shangazi nikaitia mahali. Sijawahi kulitumia nikiongea na mtu hai. Mpaka wa leo.

Kilichonisaidia mimi ni mpira. Ukitaka kusoma Kingereza soma kitu ambacho habari yake unaijua tayari. Umewatch mechi ya Simba na Yanga jana, macho yako yameona kila bao, kesho tafuta ripoti ya hiyo mechi kwa Kingereza. Ukikutana na "equaliser" unajua ni lile bao la kusawazisha, "stoppage time" ni zile dakika za nyongeza watu walikuwa wanalia na refa, "clean sheet" ni kipa hakufungwa. Hauhitaji mtu, mechi ndio dikshenari. Hata habari za kawaida, soma kwanza BBC ya Kiswahili alafu uende ya Kingereza, habari ileile.

Na juu ya kuchekwa bro, anza na wewe mwenyewe kwa nyumba, rekodi voisi, jisikize. Mimi nilikuwa nashindana na mtangazaji, nazima sauti ya TV natangaza mwenyewe, majirani walidhani nimerukwa na akili lakini Kingereza kikafunguka.

Mwl wa Zamu:

Wa Eastlands hapo umenena, na Bi Hesabu nakuazima hiyo ya outstanding nitaitumia darasani (sitataja ofisi).

Kwa wanaotaka kusikiliza kuna rekodi za VOA za Kingereza chepesi, walianza 1959 na maneno kama 1,500 tu na mtangazaji anasoma taratibu makusudi, zimejaa mtandaoni mpaka leo, mi mwenyewe nilikua nazo kwenye redio ya betri.

Kijana, kuhusu kusahau, kusahau ni kawaida ya kichwa wala siyo ujinga, Mjerumani Ebbinghaus aliliandikia hilo kitabu 1885, alijipima mwenyewe akaona vingi vinapotea siku ya kwanza tu. Dawa ni kulirudia neno linapokaribia kupotea. Bwana mwingine, Leitner, mwaka 1972 akaleta mambo ya vikadi na kiboksi chenye vyumba, kadi ukiipata inahamia chumba cha mbele utaiona baada ya siku nyingi, ukiikosa inarudi chumba cha kwanza utaiona kesho. Wewe maboksi ya simu unayo bure hapo, kata vikadi, mbele andika sentensi ya mteja uache pengo la neno, nyuma neno lenyewe. Vitano kwa siku vinatosha. Kumi ulikuwa unajitesa.

Mpagazi Mstaafu:

Mwalimu nimekubali yaishe, asichome, alitumie kuwashia jiko siku ya mvua tu 😄 Ila mdogo wangu nikwambie siri moja ya mlimani, ukiwa hujui neno muulize mgeni mwenyewe, "sorry, what is that?", wanapenda sana kufundisha. Mimi "scree", ile changarawe inayoteleza ukitoka Kibo kwenda juu, nilifundishwa na bibi mmoja wa miaka karibu sabini amekaa juu ya jiwe anapumua, alichota mkononi akanionesha ikimwagika katikati ya vidole. Hakuna aliyecheka.

Muuza Kava:

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, nilisema nitaleta mrejesho.

Kaunta buku nimeligeuza, nyuma ndo naandika sentensi za wateja, moja moja, na nani alisema na alikuwa anataka nini. Vikadi nimekata kwenye boksi la spika, nina 60 na kitu, naviweka kwenye mfuko wa shati wateja wakipungua navichomoa. Nimegundua wateja wote wa jumla wanasema vitu vilevile kama 30 tu, "is it genuine", "what's your best price", "do you have it in bulk", "this one is faulty". Hiyo "faulty" niliipata mwenyewe, jamaa kachomeka chaja kwenye soketi haiwaki, akachomoa akanirudishia anasema "this one is faulty", nikahakikisha kwenye dikshenari kama Bi Hesabu alivyosema, nikaikuta.

Leo sasa. Kaja jamaa Mzambia kijana tu, kachukua kava mia mbili, akaniambia "knock something off for me, my brother." Jasho likanitoka, "knock" ni kugonga, "off" ni kuzima. Nigonge nini nizime nini. Nikasema ngoja, hapa tuko kwenye bei, kashika kikokotoo, uso wake ni ule wa mtu anayeomba. Nikamuuliza "you mean discount?" Akasema "yes yes, discount". Nikampunguzia, alafu nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "and I throw in ten cables." Akanipa mkono! Vijana wa pembeni kimyaaa.

Sema alivyokuwa anaondoka akaniambia "cheers". Mi cheers naijua ni ya kugonga glasi baa, na pale hapakuwa na chupa hata moja, jamaa alikuwa anafunga zipu ya begi huku ameshageuka anaenda. Nimebahatisha ni asante au kwaheri, sijafungua dikshenari bado. Nipo sahihi?

chapati ya jana:

Muulize mwalimu mi bado niko herufi A 😂